Sikiliza injini kwa bisibisi kabla ya kununua spea

Gari likianza kukwaruza chini ya boneti, usikimbilie dukani. Chukua bisibisi ndefu. Injini ikiunguruma taratibu, gusa kwa ncha yake ganda la alternata (kifaa kinachochaji betri), kisha la pampu ya maji, mpini ukiwa umeugandamiza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Beringi nzima iliyo ndani yake, ile inayouwezesha mhimili kuzunguka, huvuma laini. Iliyochoka husaga kama kuna mchanga ndani, na tofauti utaisikia mara moja. Kwa mlio wa hewa inayovuja, kipande cha mpira wa kumwagilia bustani kinafaa zaidi: ncha moja sikioni, nyingine ipitishe karibu na mipira inayopitisha hewa ya injini.

Tafadhali, vua mtandio, funga nywele, kaa mbali na mkanda na feni. Feni ya umeme hujiwasha yenyewe ghafla.