Usinunue jina, nunua gari: ukienda bondi (yadi ya magari yaliyotumika toka nje) Kampala

Mi nilinunua jina bana. Kila mtu aliniambia gari ya kampuni fulani haifi, nikalipa bila kuangalia, miezi mitatu gia boksi ikaanza kuteleza nikipanda kilima. Jina linatengenezwa na magari mapya, hii yetu imezeeka Japani ikapita Mombasa ndo ikatufikia, na sheria ya Uganda ya 2018 inazuia tu kuingiza zilizofikisha miaka 15 au zaidi.

Kwa hiyo nenda asubuhi na fundi WAKO, sio wa muuzaji, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti, ikiwa ya moto jua imeshawashwa, kuna kitu kinafichwa. Fungua kifuniko cha oili, ukiona utando kama maziwa maji yameingia, ondoka tu. Washa: moshi wa bluu maana yake inakula oili. Oili ya gia ikinuka kuungua, achana nayo.

Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini sana, zinarudishwa nyuma, we angalia pedeli na usukani vimelika kiasi gani, halafu omba karatasi ya mnada wa Japani (inaandikwa hali na kilomita za gari ilipouzwa kule) ulinganishe namba yake ya chesisi na ya gari. Akikataa kukuonyesha, sema asante ssebo (bwana), bondi ziko nyingi.