Funika aya ya mwisho kwa kiganja

Nimeijaribu mbinu hii wiki hii hapa Iringa: ukimaliza kuandika hadithi, funika aya ya mwisho kwa kiganja, kisha msomee mtu kwa sauti mpaka hapo. Akinyamaza kidogo halafu akaanza kukisia mwenyewe kilichofuata, aya hiyo ifute. Yangu ilimhusu mama anayemsubiri mwanawe stendi ya Mafinga alfajiri, ukungu mzito, kikombe cha chai kimeshapoa mkononi. Basi linasimama, mlango unafunguka. Nilikuwa nimeongeza aya nzima ya kukumbatiana na kusameheana. Nilipoificha, dada akauliza, "Kwa hiyo alishuka?" Tukabishana mpaka mkaa ukazima jikoni! Inafaa kwa sababu msomaji ameshajua mama anatamani nini, kwa hiyo yaliyobaki anayabeba mwenyewe. Ila kama umemvuta kwa swali tangu mstari wa kwanza, mfano nani aliiba ng'ombe, usithubutu kukata: atahisi umemdhulumu, na ana haki. Za watoto wadogo nazo zimalizie kabisa. Wa kwetu hawalali mpaka wasikie "hadithi yangu imeishia hapo".