Kokteli Laini ya Nazi na Nanaa: Namna Ninavyoitengeneza Mtwara

Kokteli hii huharibikia kwenye tui, si kwenye pombe. Watu wanaoniita kuwachanganyia vinywaji kwenye sherehe zao, kuanzia Shangani hadi Mikindani, huanza kuniuliza natumia pombe gani. Bora waulize kuhusu tui. Likiwa zito, likakubali sukari na likastahimili baridi, hata Konyagi ya duka la jirani itakupa kinywaji cha heshima. Likikatika, ramu ya bei mbaya haikuokoi: unabaki na glasi yenye maji chini na chengachenga za mafuta juu.

Mahitaji ya glasi nne

Nazi kavu kubwa 1, korosho zilizobanguliwa ambazo hazijakaangwa gramu 40 (konzi ndogo), sukari gramu 90, majani mabichi ya nanaa kama 30, ndimu 1, chumvi ya kushika kwa ncha za vidole, pombe kali mililita 160, na barafu. Weka pembeni korosho chache za kukaanga za kunyunyiza juu. Vyombo ni mbuzi ya kukunia, blenda, kitambaa cheupe safi cha kuchujia, na kopo lenye kifuniko kisichovuja. Kama una kile chombo cha chuma cha baa, vizuri. Kama huna, kopo linatosha.

Madukani kuna tui la kopo na la pakiti, nalo linafaa ukibanwa na muda. Ila kwa mtu anayeishi Mtwara au Lindi, mimi naona ni uvivu tu.

Hatua ya 1: Nazi yenyewe

Sokoni sema unataka nazi ya tui, si koroma. Koroma ina nyama laini na tamu lakini tui lake ni jepesi, halitakufikisha popote. Muuzaji mzoefu atachukua nazi mbili, azigonganishe, asikilize, moja airudishe kwenye lundo bila kukueleza sababu. Mwamini. Wewe itikise usikie maji yakicheza ndani, na utazame yale macho matatu: yasiwe na ukungu wala unyevunyevu. Nazi isiyolia maji kabisa imeshaelekea kuwa mbata.

"Mama, naomba univunjie nionje maji yake" ni ombi la kawaida, hakuna atakayekukasirikia. Maji yakiwa na uchachu, au nyama ikinukia kama sabuni, hiyo nazi imeharibika. Kwenye mchuzi wa samaki wenye pilipili na bizari unaweza usigundue. Kwenye kokteli harufu ile inatangulia kabla glasi haijafika mdomoni.

Hatua ya 2: Kukuna na kukamua

Ikune taratibu ukiuzungusha upande wa nazi mkononi, na ukianza kuona ukahawia simama, hata kama nyama kidogo imebaki kwenye kifuu. Ile ngozi ya kahawia ikiingia, tui linakuwa la kijivu na kinywaji kinaonekana kichafu hata kama ni kisafi.

Mimina juu ya nazi iliyokunwa maji ya uvuguvugu mililita 150, ambayo mkono unayavumilia. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa joto letu la pwani mara nyingi yako laini yenyewe, lakini nazi iliyotoka kwenye friji haitoi kitu ukiikamua kwa maji ya baridi. Vuruga kwa vidole dakika mbili tatu, kisha kamua kwa kitambaa kwa nguvu zote. Utapata tui zito linalokaribia mililita 250, ujazo wa kikombe kimoja. Rudishia machicha maji mililita 100, kamua tena, na tui hilo jepesi liweke peke yake. Lina kazi yake.

Hatua ya 3: Korosho

Hapa ndipo kusini tunapowazidi wenzetu. Loweka zile korosho kwenye maji ya moto kwa saa moja au mbili hadi zivunjike kirahisi ukizibana. Mwaga maji, zitie kwenye blenda pamoja na tui zito, saga hadi ukipaka tone kati ya vidole viwili usisikie chembe. Chuja kwa kitambaa.

Tui ni mafuta na maji yaliyoshikana kwa shida, na yanatafuta nafasi ya kuachana. Wanga na protini ya korosho vinayashikilia. Ndiyo maana mchanganyiko huu unakaa laini hata ukiingia kwenye barafu, bila kuongeza maziwa wala krimu ya dukani. Usiweke korosho nyingi kuliko nilivyotaja, maana kinywaji kitageuka uji.

Hakikisha ni zile zilizobanguliwa na kumenywa. Watu wa Newala na Tandahimba hawahitaji kuambiwa mafuta ya ganda la korosho yanavyoiunguza ngozi. Na waulize wageni kabla: mwenye mzio wa korosho mtengenezee ya tui tupu, itikiswe zaidi na inywewe upesi.

Hatua ya 4: Nanaa

Bandika lile tui jepesi kwenye moto mdogo pamoja na sukari na chumvi. Koroga mfululizo kama unavyokoroga tui la mchuzi lisikatike. Lisichemke. Sukari ikishayeyuka, epua, uache hadi uweze kuchovya kidole bila kuungua.

Sasa chukua majani ya nanaa, bila vikonyo, uyapigepige kati ya viganja mpaka harufu itoke, kisha yatumbukize na ufunike dakika 15 hadi 20. Mafuta yenye harufu ya nanaa hushika kwenye mafuta mengine, hivyo tui huibeba harufu hiyo vizuri kuliko maji matupu. Chuja kwa kubonyeza kidogo tu.

Wengi huyatupa majani kwenye blenda moja kwa moja. Matokeo yake ni uchungu na ladha ya mchicha mbichi, na baada ya nusu saa rangi inaelekea weusi. Anayetaka lazima iwe ya kijani achovye majani 10 kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 10, ayahamishie kwenye maji ya barafu, ndipo ayasage na mchanganyiko. Mimi naipenda nyeupe: mtu anaona nazi, anashtukia nanaa.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Mimina tui la nanaa kwenye tui la korosho yote yakiwa bado na uvuguvugu. Sukari iliyokwisha kuyeyuka inasambaa sawasawa, na kinywaji kinakuwa kizito kidogo. Weka kwenye friji saa moja. Ukiliacha usiku kucha mafuta yataganda juu. Si balaa, ila itabidi uliache nje kidogo lilainike na ulikoroge upya.

Hatua ya 6: Pombe na barafu

Konyagi ina kilevi cha asilimia 35 na inapatikana kila duka. Ramu nyeupe ni tulivu zaidi kwenye nazi, nami nikiwa nayo ndiyo ninayochagua. Kwa glasi moja mililita 40 zinatosha. Usiongeze kwa sababu husikii ukali. Utamu na mafuta vinauficha, na mtu anagundua akisimama. Aliyekuja na pikipiki aiache.

Kuna wanaoniuliza kuhusu uraka, ile pombe ya kuchachusha ya mabibo (tunda la mkorosho), hasa msimu wa korosho. Uraka unywe peke yake. Ukali na ukakasi wake vinakata tui mara moja. Nipa, yaani gongo la mabibo, ndiyo kabisa usiniletee: hairuhusiwi kisheria, haina kipimo, na huwezi kujua imechanganywa na nini. Spiriti za viwandani zikiingia kwenye gongo hupofusha na kuua.

Barafu itengeneze kwa maji ya kunywa. Barafu ya samaki ya feri, hata iwe inang'aa vipi, ni ya samaki. Na kwa kuwa umeme hauagi ukiondoka, gandisha asubuhi ya siku ya shughuli na uihifadhi kwenye deli.

Hatua ya 7: Kutikisa

Jaza kopo nusu kwa barafu, weka pombe mililita 40, kisha mchanganyiko wa tui mililita 100. Funga, tikisa kwa nguvu sekunde 15, hadi kopo lenyewe litoe jasho kwa nje. Chujia kwenye glasi yenye barafu mpya.

Ndimu inaingia sasa, si kabla: kijiko kimoja cha chai kwa glasi, ukoroge mara mbili tatu. Ukiikamulia kwenye jagi la tui mapema, ukali wake utaligandisha tui kama maziwa ya mgando na kazi yote itakuwa bure. Nyunyiza korosho za kukaanga ulizozitwanga kidogo, pachika jani la nanaa, peleka mezani.

Kwa wasiokunywa pombe

Kwenye shughuli nyingi za huku hawa ndio wengi, kwa hiyo mchanganyiko wao napima kwanza, kabla chupa ya pombe haijafunguliwa. Badala ya pombe weka maji ya dafu mililita 60. Mengine yote ni yaleyale. Tumia kopo lingine, jagi lingine na glasi za umbo tofauti, kwa sababu vinywaji hivi viwili ukivitazama havitofautiani, na mgeni wa Kiislamu au mama mjamzito hapaswi kubahatisha. Watoto nao watakuja kuomba mara ya pili, na watakunywa kwenye jagi hilohilo.

Mchanganyiko usio na pombe wala ndimu unakaa kwenye friji hadi jioni ya kesho yake. Unuse kabla ya kuutumia. Ukiwa na uchachu, mwaga. Machicha yaliyobaki yakaange kavu na sukari kidogo uyanyunyizie kwenye maandazi, au wape kuku.