Kabla hujamkodisha mtu mashine yako ya nyasi

Mashine yangu ya kwanza kufa haikuibiwa wala haikuangushwa. Ilirudi saa ya Magharibi imepanguswa hadi inang'aa, jirani akanipa mia nane zangu na shukran juu. Asubuhi navuta kamba, kamba haivutiki. Fundi wangu wa Kongowea alipofungua silinda akanionyesha pistoni: imechubuka mistari mistari upande mmoja, kama samaki aliyeparwa na mtoto. "Hii imetiwa petroli tupu." Elfu sita na mia tano.

Kwa hivyo ukitaka kukodisha mashine zako hapa Mombasa, na masika yakikolea mwezi wa tano nyasi za Bamburi na Kisauni hukuletea wateja zenyewe, anza na mafuta, mkataba baadaye. Injini ndogo ya mipigo miwili haina oili yake tumboni. Yategemea ile iliyochanganywa na petroli. Kitabu cha yangu chasema 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Nyingine zataka 25 kwa 1, hiyo ni mililita 40. Changanya mwenyewe, tia kwenye kidumu ulichokiandika, na bei yake iwe ndani ya kodi. Mteja akija na petroli yake, mwambie akaitie kwenye pikipiki.

Jenereta ina balaa lake jingine. Mvua ikianza harusini, kila mtu hupata akili moja: iingizwe ndani, varandani au stoo. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na huua watu wamelala. Mwingine huichomeka kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Stima hiyo hurudi hadi kwenye nyaya za Kenya Power, na fundi aliye juu ya mlingoti, akidhani laini imekufa, ndiye atakayeipokea. Mie huuliza mapema: itakaa wapi, itachomekwa wapi? Nikijibiwa "tutaona huko huko", jenereta imeshachukuliwa na mwingine.

Msumeno wa mnyororo sikodishi. Ncha yake ya juu ikigusa tawi, huruka nyuma kuelekea uso wa aliyeushika, hata bismillahi hajamaliza. Mti wako wa mkilifi umeangukia ua? Nitakuja na msumeno wangu na mikono yangu, tupatane bei.

Karatasi yangu ya mkataba ni ukurasa mmoja: namba ya mashine, picha zake, saa ya kurudi. Amana naitaka kwa M-Pesa, si taslimu, kwa sababu ujumbe huja na jina, nami nalilinganisha na kitambulisho. Majina yasipofanana, twaagana kwa heshima. Lakini usijidanganye kwamba sahihi ya mteja itakuokoa ikiwa ulimpa mashine isiyo na kinga ya kisu nawe wajua. Na bima ya nyumba, uliza kabla: nyingi hazigusi kitu ulichokigeuza biashara.

Ikirudi, iwashe mbele yake na uiache ingurume dakika kumi. Injini iliyoumia huweza kuwaka vizuri ikiwa baridi, kisha ikazimika ikishapata moto na isiwake tena. Mpe kiti, mpe kahawa. Akisema ana haraka, amana yake inalala kwangu.