Kuongoza Wageni kwa Kayaki Mto Pangani: Ushauri kwa Mwongozaji Mpya

Mdogo wangu, kabla hujanunua hata kafi moja, jifunze kusoma mwezi. Mto wetu ukifika karibu na mji hauendi upande mmoja. Bahari ikijaa, maji yanaingia mtoni na kupanda, ikipwa, yanarudi. Safari nzuri inapanda na maji yanayojaa, inapumzika yakisimama, kisha inashuka nayo yakipwa. Mgeni atarudi mjini akidhani ana mabega ya mvuvi. Mwache adhani hivyo, atakuletea na wenzake.

Hesabu yenyewe ni hii. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Kwa hiyo bamvua ikiwepo, ingia majini saa nane mchana, geuka maji yakisimama, na magharibi ikukute kayaki zote zimeshalala nchi kavu. Maji mafu yakiwepo, ondoka saa mbili asubuhi. Jedwali la maji la Tanga linasaidia, ila ni la baharini. Ndani ya mto maji hugeuka baadaye, na kadiri unavyopanda ndivyo yanavyozidi kuchelewa. Ukiona povu na majani yamesimama katikati ya mto, hapo ndipo saa yako ilipo.

Masika usipeleke mtu. Mto unashuka na magogo, rangi ya chai ya maziwa, na maji ya kujaa hayafui dafu mbele yake.

Upepo nao una tabia yake. Alasiri unavuma kutoka baharini kuingia mtoni, wakati wewe unarudi na maji yanayotoka. Vikikutana vinainua viwimbi vifupi vinavyomlowesha aliyekaa mbele na kumtia hofu. Shuka ukiwa karibu na ukingo, si katikati. Mdomoni usitoke kabisa: pale kuna fungu la mchanga, mawimbi yanavunjika juu yake, na maji yakipwa yanaweza kukupeleka nje usikotaka. Anayetaka kwenda kisiwa cha Maziwi apande boti, ile ni safari nyingine.

Halafu kivuko. Kivuko cha Pangani na Bweni kimebeba magari, wagonjwa, wanafunzi na mama zetu wenye matenga ya samaki. Wewe umebeba watalii. Basi hata siku moja usikikatize kwa mbele. Kusanya kundi lako ukingoni, subiri kitie nanga upande mmoja, mvuke wote kwa pamoja, kayaki zikiwa zimekaribiana. Wewe tangulia, na mwenzako anayejua kuogelea vizuri awe wa mwisho. Kila mtu avae jaketi la kujiokoa na lifungwe, hata yule aliyekuambia aliwahi kushinda mashindano ya kuogelea.

Mamba wapo. Huu si utani wa kuchangamsha safari. Viboko nao wapo huko juu. Kila asubuhi uliza wavuvi wameona nini na wapi, na wakikwambia kona fulani si nzuri leo, usiende kona hiyo. Hakuna kuogelea, hakuna kuning'iniza miguu, hakuna kushuka kwenye tope usilolijua ili mtu apigwe picha.

Sasa historia, maana ndiyo waliyoilipia. Waongozaji wengi huisimulia kwa mpangilio wa miaka, kuanzia zamani kuja leo, kama mwalimu aliyewahi kipindi. Mtoni mpangilio huo haufai, kwa sababu macho ya mgeni yanafuata mahali kayaki ilipoelekea. Mimi nimeigawa hivi: tunapopanda tumeelekea bara, basi nasimulia biashara. Tunaposhuka tumeelekea mji na bahari, basi nasimulia vita. Maji yakisimama nasimulia mkonge.

Unapopanda, waambie kwamba njia hii ndiyo iliyofungua Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kwa misafara ya pwani. Vitambaa, shanga na waya vilipanda, pembe za ndovu na watu vilishuka. Kwenye mikoko punguza mwendo. Onyesha mkoko wenye mizizi iliyoinuka kama miguu, mkandaa na mchu, na ueleze kuwa boriti za miti hii zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni kuezekea nyumba. Mti usivunjwe hata tawi. Mikoko yote iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Hapo ndipo ninapowataja wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke, waliofika Pangani mwaka 1857 na kupanda mto huu kabla ya safari yao kubwa ya maziwa ya bara. Wataje kwa ufupi. Wageni wa Ulaya watataka uendelee nao, lakini wale walikuwa wapita njia, na wewe una watu wa hapa wa kuwasimulia.

Watu hao ni wa miwa. Katika karne ya 19 bonde hili lilijaa mashamba ya miwa ya matajiri wa Kiarabu na wa pwani, na sukari ikapelekwa Unguja. Waliolima na kukamua walikuwa watumwa. Mkataba wa mwaka 1873 wa Sultani Barghash wa Zanzibar na Waingereza ulifunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, lakini mashamba yaliendelea kulimwa kwa mikono ile ile. Jambo hili lisimulie taratibu, na usitafute kuliza mtu. Ndani ya kundi anaweza kuwamo mjukuu wa mwenye shamba na mjukuu wa aliyelilima, hasa ukiwapokea wanafunzi wa hapa wilayani.

Maji yakisimama, ziunganishe kayaki: kila mmoja alaze kafi lake juu ya kayaki ya jirani na kulishika. Mtakuwa jahazi moja. Wewe kaa upande unakotoka upepo ili sauti iwafikie, na jua liwe machoni pako, si machoni pao. Una kama dakika kumi na tano hivi, maana hadithi ndefu itawakuta mmeshaanza kuteremka.

Nyoosha kidole kusini, upande wa Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge nchini. Miche elfu moja iliagizwa kutoka Florida, ikazunguka kupitia Ujerumani, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe. Kutoka kwenye miche hiyo 62 lilizaliwa zao lililoifanya Tanganyika kuongoza duniani, hadi mavuno yakakaribia tani 230,000 mwaka 1964. Hapa mimi huongeza la kwetu: babu yangu alitoka Kigoma akaja kukata mkonge kama manamba, na ndiyo sababu nina jina la bara na lafudhi ya pwani. Na wewe tafuta la kwenu. Pangani karibu kila nyumba ina mtu aliyeletwa na shamba fulani.

Mnapogeuka, mji unaanza kuonekana, na hapo ndipo pa mwaka 1888. Sultani Khalifa alikuwa amewakodisha Wajerumani wa kampuni ya Afrika Mashariki forodha za pwani. Agosti mwaka huo wakala wao, Emil von Zelewski, alipandisha bendera ya kampuni mjini kwa ubabe, na watu wa Pangani wakakataa. Walimzingira ndani ya nyumba hadi jeshi la Sultani chini ya Lloyd Mathews lilipokuja kumtoa. Aliyeinuka kuwa kiongozi ni Abushiri bin Salim al-Harthi, naye alikuwa na shamba la miwa hapa hapa. Mgeni aliyesikiliza vizuri wakati wa kupanda atauliza: yule yule wa miwa? Ndiyo. Jibu hivyo, usimpambe wala usimchafue. Alipigana na wakoloni na alimiliki watumwa. Pangani iliangukia mikononi mwa kamanda wa Kijerumani, Hermann Wissmann, Julai 1889, na Abushiri alinyongwa mjini hapa tarehe 15 Desemba mwaka huo. Zelewski aliuawa na Wahehe kule Lugalo mwaka 1891, jambo ambalo wageni kutoka Iringa hulipokea kwa makofi.

Kuna kipande kimoja ninachokitunzia wale waliotoka kupanda Kilimanjaro, na ni wengi. Hans Meyer, anayetajwa kuwa Mzungu wa kwanza kufika kilele cha Kibo, Oktoba 1889, mwaka mmoja kabla alikuwa mateka wa Abushiri pamoja na mwenzake Oscar Baumann, na hawakuachiwa hadi fidia ilipolipwa. Halafu waambie maji waliyoyakalia yametoka mlima huo huo na Meru, yakapitia bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale. Kwa kuwa huko juu yanatumika sana, huku chini chumvi inazidi kupanda mtoni, na wakulima wa ukingoni wanalalamika.

Boma la mjini lizungumzie ukiwa nchi kavu. Inasemekana lilijengwa mwaka 1810 na tajiri wa Kiomani, na kwamba watumwa walifukiwa hai chini ya nguzo ili jengo liwe imara. Hii simulizi itaje, ila anza na neno "wazee wanasimulia", na mambo ya Abushiri anza na "imeandikwa". Wageni wanapenda kujua wamesimama juu ya lipi, na wewe utalala salama siku akija mtu aliyesoma kuliko wewe.

Kuhusu vibali, pita halmashauri na serikali ya kijiji kabla ya msimu, na usalama wa vyombo ulizia TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli. Ukipita karibu na ngalawa salimia kwanza, na wavu wa mtu uzunguke kwa mbali. Tafuta mzee mmoja wa Bweni awasubiri wageni bomani nusu saa, akisimulia kwa maneno yake na wewe ukitafsiri tu, bila kumrekebisha mbele ya watu. Alipwe siku hiyo hiyo, mkononi, na nauli yake ya kivuko ya kwenda na kurudi iwe juu yako.