Ripoti ya uendelevu: hesabu miche iliyo hai kabla ya kuweka picha

Kila mwaka ukielekea kuisha napigiwa simu na watu wa kampuni hapa Mombasa, huyu ana malori Changamwe, yule ana hoteli ndogo Nyali, na swali ni lile lile, hii ripoti ya uendelevu, ya kueleza biashara yako inavyogusa watu na mazingira, twaiandika vipi maana benki imeiulizia ama mteja wa ng'ambo anaitaka. Na karibu wote huanza kwa kunitumia picha.

Picha ziweke kando kwanza. Mwaka juzi nilikwenda na kampuni moja kupanda mikoko hori ya Tudor, tisheti mpya, tukachomeka zile mbegu ndefu kwenye tope, ripoti ikaandika idadi iliyopandwa basi. Baada ya miezi minane nikarudi maji yamekupwa, nikapima kipande cha hatua kumi kwa kumi nikahesabu kwa kidole, ilobaki hai ni saba. Mama mmoja wa kikundi cha pale akaniambia, "Mwanangu, mlipanda chini mno, hapa maji hukaa sana, tungewaambia lakini hamkutuuliza." Hiyo saba ndiyo ilotakiwa kuwa kwenye ripoti, na maneno ya huyo mama pia.

Kwa hiyo kabla bajeti haijapitishwa nenda ukaulize. Keti na wavuvi wa BMU, vile vikundi vya kusimamia ufuo, vikundi vya kina mama, wazee wa mtaa, na andika nani alisema nini na tarehe gani. Kama una malori, jirani yako pengine anasumbuliwa zaidi na vumbi, moshi na watoto kuvuka barabara kuliko kukosa madawati ya shule, na ukimpelekea madawati umekwepa jambo lako mwenyewe. Viwango vya GRI, vya kimataifa vya kuandika ripoti hizi, vyasisitiza hapo, chagua mambo ambayo biashara yako inagusa watu na mazingira kwa uzito, uyaeleze hayo.

Halafu namba, na hizi unazo tayari ofisini. Risiti za dizeli: kila lita ikiungua hutoa kama kilo 2.7 za kaboni dioksaidi, kwa hivyo lita 1,000 ni karibu tani 2.7, jenereta usiisahau. Bili za stima zina uniti za kila mwezi. Maji ya bowza na ya kisima yaandike pia, takataka zipime kwa mizani. Weka ya mwaka jana kando ya mwaka huu, na ikiwa imepanda sema imepanda na kwa nini.

Mifuko ya unga ya Ramadhani ni sadaka, Mwenyezi Mungu awalipe, iandikeni kama sadaka. Uwekezaji wa kijamii ni ule ambao baada ya miaka mitatu unaweza kuonyesha kilichobadilika. Tazama mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi, Kwale, wanatunza hekta 117 za mikoko na wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa ile hewa chafu miti inayofyonza, pesa zinaingia kwenye maji na shule, na wameweza kwa sababu miti inapimwa na mtu wa nje anaweza kuhakikisha.

Msidhani haya ni ya kampuni kubwa peke yake. Soko la hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wake wa ripoti hizi Novemba 2021, viwango vya kimataifa vya IFRS S1 na S2, vya uendelevu na tabianchi, vikatoka Juni 2023, na mpango wa ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, ni mabenki na kampuni zingine zenye maslahi ya umma zianze kuvitumia kwa lazima Januari 2027. Wakubwa hao wakianza kuhesabu moshi wa wanaowahudumia, watakuuliza wewe mwenye lori lita zako, afadhali uwe nazo.

Ripoti ikiisha toa kurasa mbili za Kiswahili uwapelekee wale uliowauliza mwanzo, usome mbele yao, wakikukosoa rekebisha kabla haijakwenda benki. Sisi kule Tudor tumepanda tena, safari hii juu zaidi pale alipoonyesha yule mama, na siku ya kuhesabu kaichagua yeye, bamvua ya kwanza baada ya mvua za masika, maji yakikupwa kabisa.