Kabla hujaenda Cap Blanc kuwaona farasi wa mawe: mambo ya kuzingatia

Kama uko Ufaransa, au unakuja, na umeshapania kwenda kuwaona farasi wa Cap Blanc, soma haya kwanza. Nimekwenda mara tatu. Katika hizo tatu, mara moja niliishia mlangoni.

Ujue unakwenda kuona nini. Cap Blanc si pango la kuingia na tochi. Ni mwamba wa chokaa uliojitokeza kama upenu, kando ya bonde la mto Beune, katika mkoa wa Dordogne. Chini ya upenu huo watu waliishi miaka ipatayo 15,000 iliyopita, na ukutani, penye urefu wa mita 13 hivi, wakachonga wanyama kwa vifaa vya jiwe la gumegume. Wengi ni farasi, na wamo pia nyati wa kale wa Ulaya. Farasi mkubwa kuliko wote anapita mita 2, na kuna mahali mwili wa mnyama umetokeza ukutani kwa karibu sentimita 30. Usipachanganye na Lascaux, pango maarufu la michoro ya kale. Lile pango lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaziharibu kuta, na wanachoonyeshwa watu siku hizi ni nakala. Hapa utasimama mbele ya ukuta wenyewe.

Kwa hiyo tiketi ikatwe mapema. Watu huingia kwa makundi madogo, kwa saa maalumu, wakiongozwa. Angalia pia msimu, maana siku na saa za kufungua hubadilika. Ulizia ziara ya lugha unayoielewa. Usipouliza, jiandae kusikiliza Kifaransa. Viza na pasipoti sina haja ya kukukumbusha.

Usafiri ndio ulionitesa, na hapa naomba usirukeruke mistari.

Shangazi yangu amezaliwa Kolo, Kondoa. Amekua akipanda kule juu kwenye miamba yenye michoro myekundu, wale watu warefu wembamba na wanyama wao, tangu kabla UNESCO haijaiandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2006. Alipokuja kunitembelea hakutaka kuona mnara wala maduka. Alitaka kuona watu wa huku nao walifanya nini na miamba yao. Nikakata tiketi za saa nane mchana, tukapanda treni, tukateremka Les Eyzies saa tano na nusu. Niliona muda tunao wa kumwaga. Kutoka stesheni hadi Cap Blanc ni kilomita zipatazo saba, nami nilijiambia teksi hazikosekani.

Teksi haikuwepo. Nilipiga simu nne. Mmoja alisema niagize siku moja kabla, wengine hawakupokea. Basi la kwenda kule halikuwepo. Shangazi akasema, "Mwanangu, kilomita saba ni nini? Twende." Nami nikakubali, ilhali nilijua ana goti linalomsumbua. Barabara ni nyembamba, haina njia ya waenda kwa miguu, na magari yanakuja kwenye kona kwa kasi. Kilomita nne za mwanzo tulikwenda vizuri. Baada ya hapo tukawa tunapumzika kila baada ya dakika kumi, yeye amekaa kwenye gogo, mimi naangalia saa. Mama mmoja mwenye gari dogo alitubeba kipande cha mwisho, Mungu ambariki. Tulifika saa nane na dakika ishirini na tano.

Mlangoni walitupokea kwa upole. Lakini kundi letu lilikuwa limeshaingia, na la mwisho la siku ile lilikuwa limejaa. Sheria ile ndiyo inayoulinda ukuta, na kosa lilikuwa langu mtupu. Shangazi alikaa nje, akaangalia ng'ambo ya bonde lilipo gofu la ngome ya Commarque, akasema, "Tungekuwa Kolo, ningemwomba mlinzi atupandishe, angetupandisha." Kesho kutwa yake aliruka kurudi nyumbani. Hajaja tena, na kwa goti lile sidhani kama atakuja. Nilimtumia kadi za posta. Akanipigia simu kunishukuru, halafu akasema farasi wenyewe kwenye karatasi ni bapa.

Basi kodi gari, au agiza teksi siku mbili kabla, ya kwenda na ya kurudi, na upate jina la dereva. Fika saa nzima mapema. Ukienda na mzazi, fika hata mapema zaidi.

Shangazi alikuwa amesema kweli kuhusu kadi, na hili liweke moyoni kabla hujaingia. Michongo hii huishi kwa mwanga wa ubavuni. Aliyewahi kuutazama mlango wa nakshi wa Unguja jua likiwa utosini, kisha akautazama tena alasiri, atanielewa: mchana unaona ubao, alasiri maua yanatoka. Kiongozi ataisogeza taa, na pale ulipodhani pana jiwe tupu patatokea shingo, tumbo, kisha jicho. Usiwe na haraka ya kusema huoni kitu. Ziara yangu ya kwanza nilipoteza dakika kumi nikitafuta rangi, kumbe rangi iliyobaki ni mabaki kidogo tu ya nyekundu. Tafuta umbo, fuata mstari wa mgongo.

Utaona miguu ya farasi imeharibika. Baadhi ya uharibifu huo si wa miaka elfu. Mwaka 1909, wafanyakazi wa daktari Gaston Lalanne walipokuwa wakifukua hapa, walikuwa wanashusha sururu kwenye udongo bila kujua kwamba nyuma yake kuna wanyama. Walipogundua, sehemu za chini zilikuwa zimeshapigwa. Mkono wako ukiwasha kutaka kugusa, kumbuka sururu zile. Mikono mfukoni, mkoba mbele ya kifua, mtoto mshike. Picha usipige mpaka kiongozi aruhusu.

Mifupa ya mwanamke wa kale utakayoonyeshwa pale chini ni nakala. Mwanamke mwenyewe alifukuliwa mwaka 1911, chini ya wanyama, na mwaka 1926 akauzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Yuko huko mpaka leo. Nakwambia mapema ili usishtuke, na ili ukiwa pale umfikirie mtu aliyelazwa miguuni pa farasi halafu akavushwa bahari. Sisi tuna mifupa na vichwa vya mababu zetu kwenye makabati ya Ulaya, kwa hiyo jambo hili halipiti hivi hivi masikioni mwetu.

Anza na makumbusho ya taifa ya historia ya kale pale Les Eyzies, kisha ndiyo uende Cap Blanc. Ukiwa umeshaona vifaa vya gumegume kwa macho, ukuta utakusemesha zaidi.

Mengine ni ya kawaida. Viatu visivyoteleza, hasa baada ya mvua. Sweta hata Julai, maana chini ya mwamba kuna ubaridi. Maji na kitu cha kula, kwa kuwa huko bondeni hakuna duka la kukimbilia. Pakua ramani kwenye simu kabla. Usipite katikati ya nyasi ndefu, kuna kupe. Hakikisha treni ya kurudi, kwa sababu ikikupita ni chache. Na kama unampeleka mzee, muulize habari za magoti yake kabla hujakata tiketi.